Data za Utafiti za Uganda Zinaishi Ndani ya Programu Tusizozilipia

Februari 2025, mtu aliyejaribu kuomba takwimu za afya na uzazi za Uganda kwenye tovuti ya DHS, mpango wa kimataifa wa tafiti za idadi ya watu na afya, alikutana na tangazo kwamba shughuli zimesimama. Mpango huo, uliokuwa ukiendeshwa kwa fedha za USAID tangu 1984, ulikuwa umepokea amri ya kusitisha kazi pamoja na miradi mingine mingi ya misaada ya Marekani. Uganda imo humo tangu utafiti wa 1988/89, na wanafunzi wengi wa uzamili wa vyuo vyetu wameandika tasnifu zao kwa takwimu hizo: vifo vya watoto, uzazi wa mpango, utapiamlo, matumizi ya vyandarua. Waliokuwa na akaunti tayari, na faili zikiwa kwenye kompyuta zao, waliendelea na kazi. Mwanafunzi mpya alibaki mlangoni.

Baadaye wakfu wa Gates ulitoa fedha za kuokoa sehemu ya kazi hiyo. Hapa nyumbani tuliokuwa tukifuatilia tulizungumza zaidi kuhusu dawa za ARV, kliniki zilizofungwa na watu waliopoteza ajira, na ndivyo ilivyostahili, kwa sababu uhai hutangulia. Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo halikupata nafasi ya kutosha. CSPro, programu ambayo tafiti za DHS huitumia kukusanyia na kusafishia takwimu, ilitengenezwa na Ofisi ya Sensa ya Marekani, na kwa miaka mingi fedha zake zilitegemea USAID hiyo hiyo. Mlipaji mmoja alipoondoka, utafiti na chombo cha kufanyia utafiti viliyumba kwa pamoja.

Hoja yangu ni nyepesi kuitamka na ngumu kuitekeleza. Programu zinazobeba data za utafiti nchini Uganda ziondolewe kwenye fedha za miradi, ziingizwe kwenye matumizi ya kawaida ya kila mwaka, pale inapokaa mishahara, umeme na maji. Na kwa kuwa hakuna chuo hata kimoja chenye ubavu wa kuzibeba peke yake, zibebwe kwa pamoja kupitia vyombo tulivyo navyo tayari.

Kwanza tujue tunazungumzia mali ya ukubwa gani. Kule Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu, watafiti wamekuwa wakirudi kwenye vijiji vilevile tangu 1989, kaya kwa kaya, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani ana maambukizi, nani amefariki. Rakai walianza 1988, wakati UKIMWI ukifagia vijiji vya Buganda kusini, na ni kumbukumbu za aina hiyo zilizowezesha jaribio lililoonyesha kwamba tohara hupunguza takriban kwa nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU. Matokeo yake yalichapishwa 2007 na yakabadilisha sera za dunia. Iganga na Mayuge nako kuna kituo cha Makerere kinachofuatilia idadi ya watu na afya zao. Mambo haya hayawezi kufanywa upya. Huwezi kurudi 1989 ukamuuliza mama wa Kyamulibwa swali ulilosahau. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kazi hii leo ni hifadhidata inayokaa kwenye seva, ikisomwa na programu ambayo lazima mtu fulani, mahali fulani, aendelee kuirekebisha.

Mtu huyo ni nani na nani anamlipa? Fuata mkondo wa data kutoka kijijini utaona. Msaidizi wa utafiti akiingia kaya ya kwanza asubuhi anafungua simu yenye ODK au KoboToolbox. ODK ilianza 2008 chini ya Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Kobo ilijengwa juu ya msingi wake. Zote mbili zinaweza kujaza dodoso mahali pasipo mtandao, zikahifadhi majibu, kisha zikayatuma msaidizi akifika barabarani kwenye mnara. Yeyote aliyewahi kukusanya data Karamoja anajua thamani ya jambo hilo. Ukiingia kituo cha afya, rekodi za wagonjwa wa VVU ziko kwenye UgandaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, programu huria, yaani ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuiendeleza, na ambayo wazo lake lilizaliwa 2004 baada ya madaktari kutoka Indiana kutembelea Eldoret nchini Kenya. Takwimu za kila mwezi za wilaya zinapanda hadi Wizara ya Afya kupitia DHIS2, yenye asili yake Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi na inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Uganda iliisambaza nchi nzima kati ya 2011 na 2012. Majaribio ya kitabibu mengi hutumia REDCap ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Uchambuzi unafanywa kwa R au Python, lugha za kuandikia programu. Tasnifu ikikamilika inawekwa kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, na makala inachapishwa kwenye jarida linaloendeshwa kwa OJS, programu huria ya majarida.

Katika safari yote hiyo mtafiti wa Uganda hajalipa hata shilingi kwa programu. Kila hatua ina mlipaji wake wa mbali: serikali ya Norway, Mfuko wa Dunia, PEPFAR, wakfu wa matajiri, chuo cha Marekani, au mtu anayejitolea usiku baada ya kazi yake ya mchana. Nasema hivi kwa shukrani ya dhati, maana bila wao tungekuwa bado tunahesabu karatasi. Lakini shukrani haituondolei wajibu wa kuuliza mwaka ujao itakuwaje.

Nitakaa kidogo kwenye hazina za kidijitali za vyuo, kwa sababu hapo ndipo tatizo linaonekana kwa macho.

Makerere ilianza hazina yake katika miaka ya 2000 kwa msaada wa Sida, shirika la Sweden lililofadhili utafiti, maktaba na mifumo ya kompyuta ya chuo hicho kwa zaidi ya miongo miwili. Vyuo vingine vikafuata. Wengi walichagua DSpace, programu huria iliyotolewa kwa mara ya kwanza 2002 na MIT pamoja na kampuni ya HP. Ni chaguo zuri. Humo zimo tasnifu ambazo zamani zilikaa kwenye rafu za ghorofa ya juu, zikasomwa na panya na mwanafunzi mmoja kwa muongo. Leo mkulima mtaalamu wa Soroti au mwalimu wa Tanga anazipata kwa simu.

Mwaka 2021 likatoka toleo la 7 la DSpace, na halikuwa sasisho la kawaida. Sura zote mbili za zamani ambazo watumiaji walizizoea ziliondolewa, na sehemu ya mbele ikaandikwa upya kabisa kwa teknolojia nyingine. Sasa unaendesha vitu viwili vinavyozungumza: nyuma kuna Java, PostgreSQL ya kuhifadhi data na Solr ya kutafutia, mbele kuna programu tofauti inayohitaji mazingira yake na kumbukumbu nyingi zaidi ya seva. Nembo, rangi, fomu za kupokelea tasnifu, ripoti za idadi ya waliopakua, vyote ambavyo kijana wa TEHAMA alivitengeneza kwa miaka juu ya toleo la 5 au la 6, havihami. Vinaandikwa upya. Na toleo la 6 lilipoteza msaada rasmi katikati ya 2023, maana yake likigunduliwa tundu la usalama, hakuna anayelazimika kuliziba.

Nimeketi na mtunza mfumo wa hazina ya namna hiyo, katika chuo ambacho sitakitaja. Kijana makini sana. Hazina ni kazi yake ya tatu. Ya kwanza ni mfumo wa matokeo ya mitihani, ya pili ni mtandao wa kampasi. Alinionyesha seva: toleo la zamani, mfumo endeshi wa zamani, diski imejaa hadi shingoni. Anajua namna ya kuhamia toleo jipya, ameshajaribu kwenye kompyuta yake mwenyewe na ikafanya kazi. Anachokosa ni wiki kadhaa za kuifanya kazi hiyo bila kuitwa kwenye printa ya ofisi ya msajili, na seva ya pili ya kujaribia kabla ya kugusa ile inayotumika. Aliomba. Akaambiwa asubiri mradi.

Kisha akanionyesha ankara. Kila tasnifu kwenye hazina hizi ina namba ya kudumu, ile anwani fupi inayoanza na hdl.handle.net, ambayo hubaki ileile hata chuo kikibadilisha tovuti. Watafiti wengine wakinukuu tasnifu yako, wananukuu namba hiyo. Kwa chuo kudumisha namba zake kuna ada ya dola 50 kwa mwaka. Hamsini. Ni chini ya gharama ya chai ya mkutano mmoja wa kamati. Lakini ada hiyo hudaiwa kwa dola, hulipwa mtandaoni, haina zabuni, haina ankara tatu za kushindanishwa, na haimo kwenye fungu lolote la bajeti. Kwa hiyo inazunguka: maktaba inasema ni ya TEHAMA, TEHAMA inasema ni ya maktaba, uhasibu unauliza mkataba uko wapi. Mara nyingine kijana huilipa kwa kadi yake. Kumbukumbu ya kitaaluma ya chuo kizima inaning'inia kwenye kadi ya benki ya mtumishi mmoja ambaye kesho anaweza kupata kazi Kigali.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 Jengo Kuu la Makerere liliungua. Kampala yote iliona moto ule. Watu walilia, wahitimu waliokuwa Nairobi, London na Toronto walituma salamu, serikali ikaahidi kulijenga upya, na mwaka 2024 likafunguliwa tena. Hazina ya kidijitali ikifa haitoi moshi. Siku moja ukurasa unachelewa kufunguka, mwezi unaofuata unaonyesha kosa, mwaka unaofuata jina la tovuti limechukuliwa na watu wa kamari. Hakuna waziri atakayefika na kofia ya ujenzi. Ndiyo maana lazima tupange mapema, kwa makusudi, kabla huruma ya umma haijahitajika.

Kuna dhana moja inayotukwamisha, nayo ni kwamba programu ikishatengenezwa imetengenezwa. Kwamba gharama ni ya kujenga na baada ya hapo ni kutumia. Si kweli hata kidogo. Programu ambayo hakuna mtu aliyeigusa huharibika kwa sababu kila kitu kinachoizunguka kinabadilika. Google Play hudai kila mwaka programu za Android ziendane na matoleo mapya ya mfumo wa simu. Zisipofanya hivyo masasisho yake hayapokelewi, na baada ya muda wenye simu mpya hawazioni. Kwa hiyo timu ya ODK inapaswa kufanya kazi mwaka huu ili tu dodoso lako liendelee kufanya kile lilichofanya mwaka jana. Hakuna kipengele kipya cha kumwonyesha mfadhili. Hakuna cha kukata utepe.

Na usalama ni habari nyingine. Mwaka 2014 liligunduliwa tundu la Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu iliyolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia, zikiwemo za mabenki. Ilibainika kwamba mradi huo ulikuwa na mtu mmoja tu wa kudumu na ulipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Desemba 2021 ikawa zamu ya Log4j, maktaba ndogo ya msimbo ya kuandika kumbukumbu za mfumo iliyotunzwa na watu wachache wa kujitolea. Ilikuwa imejificha ndani ya mifumo isiyohesabika, ikiwemo Solr ambayo hazina za vyuo huitumia kutafutia. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, alishtuka kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde, akachimba, akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana faili. Aliyeupandikiza alikuwa amejipenyeza taratibu kwa muda mrefu akijifanya msaidizi wa mtunzaji mmoja aliyechoka, asiyelipwa, aliyekuwa ameandika waziwazi kwamba amelemewa.

Hayo si mambo ya California peke yake. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, inayomtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na kuripoti zikivuja. Kituo cha utafiti chenye majina, vijiji na hali za VVU za maelfu ya watu kinawajibika kwa mujibu wa sheria hiyo hata kama programu kiliipata bure. Mama aliyekubali kutoboa kidole mbele ya mtafiti alitia sahihi fomu iliyomwahidi siri. Fomu hiyo haikusema siri yake itatunzwa hadi ruzuku iishe.

Sasa tazama fedha za utafiti zinavyoandikwa. Andiko la mradi lina mafungu: posho za wakusanyaji, usafiri, kompyuta mpakato, warsha ya uzinduzi, warsha ya kusambaza matokeo. Ukiweka mhandisi wa programu, anapewa miezi sita. Ukiweka seva, sawa, maana ni kifaa kinachobandikwa namba ya mali. Ukiandika kwamba unahitaji mtu wa kuendelea kuitunza seva hiyo miaka mitano baada ya mradi kufungwa, mfadhili atakujibu kwa upole kwamba fedha zake haziwezi kutumika baada ya tarehe ya mwisho. Halafu fomu ileile itakuuliza, ukurasa wa mwisho, mpango wako wa uendelevu ni upi. Tunaandika kwamba chuo kitachukua jukumu. Anayeandika anajua na anayesoma anajua kwamba chuo hakijaambiwa.

H3Africa ni mfano ninaoufikiria mara nyingi. Ulikuwa mpango mkubwa wa sayansi ya jenomu barani, uliofadhiliwa na NIH ya Marekani na Wellcome ya Uingereza kwa takriban muongo mmoja hadi 2022, na ndani yake kulikuwa na H3ABioNet, mtandao wa wataalamu wa bioinfomatiki, yaani uchambuzi wa data za vinasaba kwa kompyuta, uliosimamiwa kutoka Cape Town na kufika hadi kwetu. Ulifundisha watu wengi na ukajenga njia za pamoja za kuchakata data. Tatizo lake ni lile la kila kitu chenye tarehe ya kuisha: walioivishwa na fedha hizo hulazimika kutafuta mradi mwingine au kuondoka, na ujuzi wa namna mfumo ulivyofungwa pamoja unaondoka nao.

Najua jibu la kwanza: Uganda ina hospitali zisizo na glavu, nani atapiga kelele kuhusu programu? Nalichukulia kwa uzito. Lakini glavu hizo huagizwa kwa kufuata takwimu, na takwimu hizo hupita ndani ya DHIS2. Isitoshe fedha ninazozungumzia ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Siombi jengo. Naomba mishahara ya wahandisi wachache, ada ndogondogo kama ile ya dola 50, na seva zinazobadilishwa kwa ratiba.

Jibu la pili ni kwamba tununue huduma kwa kampuni na tuachane na maumivu. Kwa baadhi ya mambo ni sawa. Ila bei hupangwa kwa dola, hubadilika bila kukuuliza, na ukishindwa kulipa unaondolewa wewe na data zako. Hata kile cha bure kina masharti: REDCap hutolewa bila malipo kwa taasisi zisizo za faida, lakini si programu huria, unaitumia kwa makubaliano na Vanderbilt, na huna haki ya kuichukua ukaiendeleza mwenyewe iwapo mambo yatabadilika. Naipenda REDCap na kazi yake. Ila msingi wa taifa hauwekwi juu ya ridhaa ya chuo kimoja cha Tennessee.

Jibu la tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hutoka kwa wenzetu wasomi: hizi ni kazi za wenzetu walioendelea, sisi ni watumiaji. Watu wanaosema hivyo hawajaangalia waandishi wa OpenMRS ni akina nani. Waganda wamo miongoni mwa wachangiaji wake wakuu kwa miaka mingi, wakiandika msimbo unaoendesha kliniki za nchi ambazo hawajawahi kufika. Angalia pia AirQo ya Makerere, iliyoanza 2015: vifaa vya kupima hewa vilivyotengenezwa hapa Kampala, vingine vikafungwa kwenye bodaboda, na data zake zinatumika katika miji mingi ya Afrika. Google iliwapa fedha, nao walizifanyia kazi vizuri sana. Hiyo ni miundombinu ya pamoja iliyozaliwa kwetu, na siku fedha za nje zitakapopungua, itatuuliza sisi swali lilelile tunalowauliza Wamarekani leo.

Wenye fedha zaidi yetu nao wamechelewa kuelewa. NumPy, maktaba ya msimbo ambayo karibu kila mwanasayansi anayetumia Python huitegemea, ilianza katikati ya miaka ya 2000 na ikapata fedha zake za kwanza mahususi mwaka 2017. Ujerumani ilianzisha mfuko wa serikali wa kutunza programu huria 2022. Tangu 2017 kuna muungano wa SCOSS, ambapo maktaba za vyuo huchangia huduma za sayansi huria zinazotegemewa na wote. Kwa hiyo hatuko nyuma sana. Tunaweza kuingia mezani mapema kwa mara moja.

Na sisi tunajua kuchanga. Mwaka 2006 vyuo na taasisi za utafiti za Uganda zilianzisha RENU ili zisiendelee kununua intaneti kila mmoja kivyake kwa bei ya kuumiza. Wanachama hulipa, RENU hujenga mtandao, Umoja wa Ulaya uliongeza nguvu kupitia AfricaConnect, lakini msingi ni ada za wanachama wenyewe. Leo mwanafunzi anaunganishwa na eduroam hata nje ya kampasi yake. Maktaba nazo zina CUUL, muungano unaojadiliana bei za majarida ya kielektroniki kwa niaba ya vyuo, na gharama zikagawanywa. Ule ulikuwa mzigo wa wafadhili hapo awali. Tuliubeba wafadhili walipopunguza mkono, na mbingu hazikuanguka.

Kinachobaki ni kuongeza programu kwenye kapu hilo. RENU iwe na timu ya kudumu ya wahandisi, watano au sita kwa kuanzia, ambao kazi yao si kuuza huduma mpya bali kuendesha hazina za DSpace, majarida ya OJS na seva za kukusanyia data kwa niaba ya wanachama: kusasisha, kuweka nakala za akiba katika mji mwingine, kulipa ada za namba za kudumu kwa mkupuo mmoja. Chuo kidogo cha Arua au Kabale hakihitaji kuajiri mtaalamu wa Solr. Kinahitaji mahali pa kupiga simu. CUUL iwe sauti ya wakutubi kwenye kamati inayopanga nini kifanywe kwanza, kwa sababu wao ndio wanaojua tasnifu ipi imepotea.

Wahandisi hao watengewe sehemu ya wiki yao, kwa maandishi ndani ya mkataba, kuchangia kwenye miradi yenyewe ya DSpace, ODK na OpenMRS. Wengine wataona huo ni ukarimu wa kupindukia. Mimi naona ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote. Anayeandika msimbo hukaa kwenye mazungumzo ya toleo lijalo, na anaweza kusema mapema kwamba mabadiliko fulani yatazizima seva zenye kumbukumbu ndogo au mitandao inayokatika. Uamuzi wa DSpace 7 ulijadiliwa kwa miaka kadhaa hadharani. Kama wahandisi wetu wangelipwa kushiriki tangu mwanzo, kijana niliyemtaja angeujua mzigo wake mapema, na pengine ungekuwa mwepesi zaidi.

Fedha zitoke wapi? Sehemu zitoke kwa wanachama, kama ilivyo kwa intaneti. Sehemu zitoke kwenye fedha za utafiti zenyewe. Serikali ilipoanzisha Mfuko wa Utafiti na Ubunifu wa Makerere 2019, iliuwekea shilingi bilioni 30 kwa mwaka. Asilimia 2 ya kiasi hicho ni shilingi milioni 600. Kiwango hicho cha asilimia 2, kikikatwa kabla mradi haujaanza na kupelekwa moja kwa moja kwenye timu ya pamoja, kingelipa mishahara mizuri ya Kampala na kubakiza ya seva. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, ambalo kila mtafiti hulazimika kujisajili kwake na kulipa ada, linaweza kuweka sharti hilohilo kwa miradi ya nje: unayetaka data za vijiji vyetu, changia mahali zitakapolala. Wafadhili wengi watakubali, maana wao pia wamechoka kusoma mipango ya uendelevu isiyo na mtu.

Hatua ya pili iwe ya kikanda. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake hapahapa Kampala, Kenya ina KENET na Tanzania ina TERNET, mitandao ya vyuo kama RENU. Seva za Kyamulibwa zikiwa na nakala Nairobi, na za kituo cha utafiti cha Ifakara, Tanzania, zikiwa na nakala Kampala, mafuriko au hitilafu ya umeme ya nchi moja haitafuta miaka thelathini ya kazi. Sheria za data za nchi zetu zitahitaji makubaliano maalumu kuhusu taarifa za wagonjwa, na hilo si dogo, lakini tasnifu, majarida na takwimu zisizo na majina zinaweza kuanza bila kusubiri.

Kalenda yenyewe inajulikana. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, waraka wa mfumo wa bajeti ya taifa unafika bungeni ifikapo 31 Desemba, taarifa za sera za wizara ifikapo 15 Machi, na bajeti yenyewe inapaswa kupitishwa ifikapo 31 Mei ili ianze kutumika 1 Julai. Vyuo vya umma huandaa makadirio yao miezi kadhaa kabla ya Desemba. Mkutubi mkuu, mkurugenzi wa TEHAMA na mkurugenzi wa utafiti wa kila chuo wanahitaji kukaa meza moja mwezi Septemba, wakiwa na orodha ya mifumo wanayoendesha, toleo la kila mmoja, jina la anayeutunza na kiasi kinachohitajika kwa mwaka, kisha waiombee fungu chini ya matumizi ya kawaida. Fungu lisiloonekana kwenye makadirio ya Oktoba halitasomwa Juni, na kijana wa hazina atalipa tena kwa kadi yake.